Kitabu Kwenye Kona Yetu

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Waongo. Ya kwetu tuliyaficha mwaka mzima ndani ya maktaba ya chuo, mahali ambapo hata mtu akijikuna anasikika. Kilichoshindikana kufichika ni kitabu.

"Mama, nakuuliza tena. Kijani kiko wapi?"

Mkutubi Mkuu alisimama mbele ya kaunta, tai imembana shingo, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Upande wa pili alikaa mwenzangu wa kazi, mama mtu mzima ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mama Nyamaza, maana neno hilo alilitamka kuliko salamu.

"Nimeshakujibu, bosi. Umeme ulikatika. Nikainuka kutafuta tochi. Umeme uliporudi, kitabu hakipo."

Kijani ni kitabu cha hesabu za madaraja. Jina hilo kimelipata kwenye jalada lake, ingawa rangi yenyewe imeshapauka kwa kushikwashikwa. Chuo kizima kina nakala moja tu, na darasa zima la uhandisi linaitegemea. Haitoki nje. Unaisoma palepale mbele ya kaunta, muda wako ukiisha unampisha mwenzako. Kila mwaka tunaomba nakala zaidi, kila mwaka tunaambiwa tuvute subira. Subira tumeivuta mpaka imekatika.

"Mtihani ni wiki ijayo," Mkuu alisema. "Wanafunzi wamejaa mlangoni kwangu. Na wewe unastaafu mwisho wa mwezi. Watu wanaunganisha mambo."

"Wanaunganisha nini?"

"Kwamba umekiuza."

Mama Nyamaza alivua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena.

"Nimevilinda vitabu hivi tangu wewe unakuja hapa kuazima kalamu," alisema. "Leo ndiyo nimekuwa mwizi?"

"Mpaka kipatikane, usikae kaunta. Na ile sherehe ya kukuaga tuiweke pembeni kwanza."

"Bosi, huo ni uonevu!" nilidakia.

"Wewe, hiyo diploma yako ya ukutubi inakuwasha? Rudi kwenye rafu zako."

Nilirudi, lakini nilirudi nimenuna. Njiani nikamruka binti mmoja wa uhandisi mwenye miwani minene, amekaa sakafuni kwa sababu viti huwa vimejaa tangu asubuhi. Akanishika pindo la sketi.

"Dada, kikipatikana niite hata kama niko chooni. Mimi narudia mtihani huu. Nikianguka tena, baba kasema nirudi nyumbani."

"Nitakuita, mdogo wangu."

Nikatoka nje, nikampigia mchumba wangu. Yeye naye alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, huku akifanya kibarua cha ujenzi. Nilimwita Injinia hata kabla hajawa.

"Malkia wa rafu!" aliitika.

"Injinia wangu, Kijani kimepotea."

Akakohoa.

"Pole. Mbona kitarudi tu mtihani ukipita."

"Umejuaje kitarudi?"

"Nasema tu. Vitu vya maktaba ndivyo vilivyo."

"Wanamsingizia Mama Nyamaza wizi."

"Mama wa watu! Watamwacha. Nani atamfanya nini mtu anayestaafu? Ngoja, msimamizi wa ujenzi ananiita. Nakupenda."

Akakata. Nami, mjinga wa mapenzi, nikatabasamu.

Kazini hakuna aliyejua habari zetu. Posa ilikuwa imepokelewa, nyumbani kwake naitwa mkwe, lakini maktabani tulipita kama watu wasiojuana. Mkutubi akipendana na msomaji, watasema anampendelea kwa vitabu. Kwa hiyo tulikuwa na kona yetu. Ghorofa ya juu, mwisho kabisa, kuna majalada makubwa ya ripoti za mvua za zamani ambazo hakuna kiumbe anayezisoma. Nyuma ya majalada hayo Injinia alikuwa ananiwekea pipi ya mnanaa kila Jumatatu. Chakula ni marufuku maktabani, na mimi ndiye ninayebandika hilo tangazo. Utamu wa pipi ile ulizidi sukari yake.

Siku ya pili yake, mchana, mvua ikashuka.

Nyie wasomaji mnaoisikia mvua na kuvuta shuka, hamjui. Sisi mvua ikipiga paa la maktaba tunakimbia.

"Ndoo!" Mama Nyamaza alipiga kelele, yeye ambaye kelele aliipiga marufuku. "Leteni nailoni! Wewe binti, panda juu, kule kwenye ripoti za mvua ndiko kunakovuja zaidi!"

Wameshamwondoa kaunta, wamemwita mwizi, na bado anakimbia na ndoo kuliko sisi vijana. Nilipanda ngazi nikimwonea huruma.

Maji yalikuwa yanachuruzika ukutani. Nikaanza kuyatoa majalada, moja moja, nikiyaweka mezani chini ya nailoni. Nilipotoa la mwisho nikaona leso. Leso nyeupe, pembeni nimeidarizi mwenyewe ua jekundu lililopinda, kwa sababu sindano sijaizoea. Nilimpa Injinia ajifutie jasho kazini.

Nikaifunua. Kijani.

Na juu ya Kijani, pipi ya mnanaa.

"Unahitaji ndoo nyingine huko?" Mama Nyamaza aliita kutoka kwenye ngazi.

"Hapana, mama," nilijibu. "Hii inatosha."

Nilimtumia ujumbe: "Njoo maktabani sasa hivi. Chini ya ngazi za mlangoni."

Alikuja amelowa, saruji kwenye viatu. Aliponiona na leso mkononi akaegemea ukuta.

"Injinia mzima," nilimwambia, "umepiga hesabu zote, umesahau paa?"

"Nilifikiri kule hafiki mtu isipokuwa sisi."

"Mvua ikinyesha tunafika wote! Angekikuta mwingine je?"

"Kumbe umekikuta wewe. Afadhali."

"Afadhali? Na hii pipi ya nini?"

Akatazama chini.

"Nilijua ukikiona utanielewa."

"Sema ulijua nitanyamaza. Pipi zote zile nilizokula, kumbe moja ilikuwa ya kunifunga mdomo."

"Usiseme hivyo, mpenzi. Nisikilize." Akanyoosha viganja vyake. "Mimi si mwizi. Nabeba zege mpaka alasiri. Nikifika hapa, foleni ya Kijani imefika mlangoni. Mara ngapi nimesubiri, nimefikiwa, nimefungua ukurasa, kengele ikalia? Na nani anakuja kunipokonya? Wewe! Mchumba wangu! Hujawahi kuniongezea hata dakika!"

"Na sitakuongezea."

"Najua. Ndiyo maana sikukuomba. Umeme ulipokatika mkono ukaenda wenyewe. Nikasema nitakuwa napanda kona kukisoma kidogokidogo, mtihani ukiisha nakirudisha."

Hapo nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Mikono yake imechanika kwa saruji. Mtu mwenye mikono ile hapaswi kugombania kitabu kimoja na darasa zima. Lakini juu kulikuwa na mwanamke mwenye ndoo.

"Mama Nyamaza anaondoka na jina la mwizi," nilisema.

"Basi kiweke kwenye rafu yoyote. Sema ulikiona kimechanganywa na vingine. Yaishe."

"Watasema mama amezeeka, hajui anapoweka vitu. Badala ya mwizi ataitwa mzembe. Hiyo ndiyo zawadi ya kumuagia?"

"Nikijitaja watanifungia maktaba wiki ya mtihani! Nikianguka, harusi iko wapi? Mama yangu nitamwambia nini?"

"Panda mwenyewe kaunta ukaseme, kabla ya kengele ya kufunga. Nitakushika mkono mbele ya watu wote. Mwaka mzima tumejificha, leo wajue."

Alinitazama kama mtu anayetazama mto uliofurika. Akatikisa kichwa.

"Siwezi, mpenzi. Nisamehe. Siwezi."

Akatoka mvuani.

Nilisubiri. Nikapanga vitabu ambavyo vilishapangwa. Kengele ilipolia, simu ikatetema kidogo mfukoni.

"Kama unanipenda, usinitaje."

Nikamjibu: "Nakupenda. Ndiyo maana sitaki kuolewa na mtu aliyemwachia bibi kizee mzigo wake."

Nikaenda kaunta. Mkuu alikuwapo, wanafunzi wanatoka. Nikakiweka Kijani mezani, pah!

"Kimepatikana!" binti wa miwani alipiga yowe. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Kilikuwa wapi?" Mkuu aliuliza.

"Nyuma ya ripoti za mvua."

"Nani alikipeleka kule? Huyu mama?"

"Hapana. Mchumba wangu."

Ukumbi mzima ukafanya "Aaah!" kama uwanja wa mpira. Nikamtaja Injinia, darasa lake, kila kitu.

"Na wewe kule ulikuwa unafuata nini?"

"Nilikwenda kukinga maji. Lakini siku nyingine huwa nafuata pipi."

"Pipi?" Mkuu alishika tai. "Maktabani?"

"Za mnanaa, bosi."

Nilipewa onyo. Injinia alifungiwa mlango wa maktaba mpaka mitihani iishe. Mama Nyamaza alirudishiwa kaunta yake, na Mkuu akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Mama akamwambia, "Siku ile uliniita mwizi kwa sauti ya juu. Irudishe ilivyokuja." Akairudisha, mbele ya watu.

Usiku simu haikulala. Mama mkwe.

"Hivi wewe binti, una moyo au una jiwe? Mumeo mtarajiwa unamtangaza kama mwizi wa kuku?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini! Umemharibia mwanangu. Utakuja hapa, utamwomba msamaha, na mimi utaniomba. La sivyo harusi hakuna!"

"Mama, nisikilize..."

"Nasikiliza msamaha tu!"

Akakata. Nililia, ndiyo. Nilijifunika mto nikalia mpaka dada yangu akagonga ukuta. Lakini asubuhi nilikwenda kazini.

Foleni ya Kijani ilikuwa ndefu kuliko mwanzo. Siku zilizopotea zilikuwa zimepotea, na kila mtu alitaka zake. Wakaanza kusukumana. Mama Nyamaza akagonga meza.

"Nyie! Macho yenu mengi, kitabu kimoja. Lakini masikio je? Wewe mwenye miwani, njoo. Kaa hapa dirishani, wenzako wakuzunguke. Soma kwa sauti."

Binti wa miwani alidhani hakusikia vizuri.

"Kwa sauti, mama? Humu?"

"Nimesema soma. Nimewanyamazisha miaka yote, nimechoka."

Binti akasoma. Alipofika kwenye hesabu ngumu, mmoja akaenda ubaoni akaichora, wengine wakabishana, wakacheka, wakaelewa. Mara Mama Nyamaza akasogea dirishani, akachungulia nje, akanitazama mimi. Kisha akalisukuma dirisha likafunguka lote.

"Ongeza sauti," alimwambia binti. "Kuna mwenzenu yuko chini hapa, hasikii vizuri."

Nikachungulia. Injinia amekaa juu ya ukingo wa mtaro, nguo za kazi, daftari magotini. Hakuruhusiwa mlangoni, lakini mtaro hauna mlinzi.

"Ni huyo aliyekificha!" mmoja wa wanafunzi alinung'unika. "Tumsomee yeye?"

Binti wa miwani aliinua macho kutoka kitabuni. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukataa kuliko wote. Akasukuma miwani puani.

"Injinia!" aliita dirishani. "Ukurasa wa mwanzo umekupita. Nirudie?"

Injinia akafuta uso kwa mkono wa shati. Leso nilikuwa nayo mimi.

"Rudia, dada. Na nisameheni wote."

Siku zilizofuata alikaa pale kila alasiri. Sikumpigia, hakunipigia. Jioni moja nilimkuta Mama Nyamaza anafunga dirisha lile, Injinia amesimama chini anaongea naye, kichwa ameinamisha. Sikusikia maneno yao. Nilimwona tu mama akinyoosha mkono dirishani na kumpiga kofi dogo la kichwa, kama anavyopigwa mtoto aliyesamehewa.

Usiku ule ujumbe ukaja: "Nimemwomba radhi. Nilipaswa kupanda ngazi siku ile, mkono wako ulikuwa tayari. Bado upo?"

Nikajibu: "Upo. Una harufu ya mnanaa."

Matokeo yalipotoka, binti wa miwani alifaulu kwa alama za juu, akampita Injinia mbali. Injinia alipita kwa kujikwaa, lakini alipita. Kwenye sherehe ya kumuaga Mama Nyamaza tulikaa meza moja, mimi naye, hatujifichi. Na hapo ndipo mama mkwe alipoingia, amejitanda, uso kama mawingu.

"Nimekuja kwa ajili ya mwanangu," alisema bila kukaa. "Ananisumbua, hali, halali, anataka harusi. Mimi sina kinyongo. Neno moja tu nataka, mbele ya mashahidi hawa. Sema samahani, yaishe."

"Mama, mwache," Injinia alisema. "Kosa lilikuwa langu."

"Nyamaza wewe!"

"Hilo neno ni langu," Mama Nyamaza alisema kutoka meza kuu, watu wakacheka.

Mama mkwe hakucheka. Ananisubiri. Injinia chini ya meza ameushika mkono wangu, ameubana.

Nikasimama, nikamvutia kiti, nikamkaribisha kwa mikono miwili.

"Mama, chai nitakupikia. Ukiumwa miguu nitakukanda. Mungu akijalia, wajukuu nitakuletea uwachoke. Mwanao nampenda, na nitampenda nywele zikiwa nyeupe."

"Vizuri. Na samahani?"

"Hiyo sina, mama. Akificha tena, nitamtaja tena. Siombi."