Kijiji cha Majiko Mengi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zena binti Halfani alikunywa uji mara mbili. Wa kwanza aliunywa kwa mama yake mzazi, Binti Saadi, mke mkubwa wa baba yake. Wa pili aliunywa katika nyumba ya pili ya ua huo huo, kwa mama yake mdogo Mwanawetu, ambaye uji wake wa mtama ulitiwa karanga zilizotwangwa. Binti Saadi alijua na hakuona wivu. Alisema tu kwamba tumbo la mtoto huyu lina milango miwili.

Zena alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la nne mjini Nachingwea. Ulikuwa mwaka 1950, na matrekta ya yale mashamba makubwa ya karanga yalinguruma tangu alfajiri. Kijijini kwao Namitunda, kwenye njia ya kwenda Marambo, watu waliamshwa na shida ya maji. Kiangazi kilipokaza, wanawake walishuka korongoni, wakafukua mchanga, wakangoja maji yajikusanye kidogo kidogo kama mtu anayengoja deni kwa bahili. Mbuzi walikunywa hapo hapo, na ngiri pia.

Mwaka ule Hasani, mtoto mchanga wa Mwanawetu, aliharisha mara kwa mara hata mbavu zake zikahesabika. Mganga wa zahanati alimwambia mama yake achemshe maji, kisha akauliza kwa nini watu wa Namitunda hawaombi kisima. Jumbe wa kijiji, Mzee Shaibu, aliahidi kwamba ataliomba Baraza la Wenyeji lichimbe kisima. Wanawake walimwitikia kwa vigelegele.

Sasa tuseme habari ya kodi. Wakati huo kila nyumba ililipiwa kodi. Mwanamume mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili, na mwenye wake watatu alilipia tatu. Jiko halikulipiwa kitu. Watu wa Namitunda hawakunyimwa akili, ila waliitumia vibaya. Karani wa kodi akikaribia, kila nyumba ya mke mdogo, na hata ya mama mzee au ya kijana aliyeoa, iligeuka kuwa jiko. Kitanda cha kamba kilifichwa nyuma ya ghala la mtama, mafiga matatu yakaingizwa ndani, moto ukawashwa, moshi ukafuka. Karani akachungulia, akakohoa, akaandika "jiko".

Mwezi wa sita karani, Bwana Adinani, alifika kwa Mzee Halfani akiwa amechoka na jua. Baba alimwita Zena pembeni.

"Wewe unasema Kiswahili cha shule. Mtembeze Bwana Karani. Akiuliza nyumba ya pili, mwambie ni jiko."

"Na mama mdogo je, baba?"

"Mama mdogo nini? Sema lolote. Unataka nikauze mbuzi?"

Zena alimtembeza karani kwa adabu zote. Walipofika kwenye mlango wa pili, moshi ulikuwa ukitoka vizuri kabisa.

"Na hii?" aliuliza Bwana Adinani.

"Ni jiko letu, Bwana Karani."

Mwanawetu alikuwa amesimama karibu, Hasani mgongoni. Karani alimtazama. "Na huyu?"

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. "Huyo ni jirani tu. Amekuja kuomba moto."

Karani aliandika, akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Baba alimpiga Zena begani kwa furaha, akasema mtoto huyu atakuwa mtu mkubwa. Mwanawetu aliingia ndani ya lile "jiko" na kuanza kutoa mafiga peke yake, huku macho yakimtiririka. Zena alijiambia kwamba ni moshi, na akataka sana iwe ni moshi.

Miezi ikapita. Mwezi wa kumi, Mwalimu Gaudens aliwaambia wanafunzi wa darasa la nne kwamba siku hiyo somo litakuwa barazani. Baraza lingejadili makisio ya mwaka ujao, yaani fedha zitakazoingia na kazi zitakazofanywa.

"Mtakaa kimya na kusikiliza," alisema mwalimu. "Mjue kodi inakokwenda, msije mkadhani inaliwa na panya."

Nyumba ya baraza ilijaa. Liwali, mkuu wa Baraza, alikaa mbele, majumbe wakakaa kwenye mabenchi, Bwana Adinani akaweka madaftari yake mezani. Wanafunzi walikaa chini karibu na mlango. Zena alimwona Mzee Shaibu amevaa kanzu iliyonyooshwa, akafurahi, kwa maana alijua ni siku ya kisima.

Mjadala ulikuwa mkali. Jumbe mmoja alitaka paa la shule liezekwe upya. Mwingine alitaka daraja. Liwali alipouliza fedha itatoka wapi, watu wakaanza kutazama kofia zao.

"Tuongeze kodi," alisema mmoja kwa sauti ndogo.

"Tuongeze wapi?" alifoka mwingine. "Kazi za mashamba ya karanga zinapungua, vijana wanarudi mikono mitupu. Ukiongeza kodi, watu watahamia porini!"

Baada ya kubishana sana, walikubaliana kwamba kodi ibaki ilivyo, paa la shule litengenezwe, na kichimbwe kisima kimoja tu. Vijiji viwili vilikuwa vimeomba kisima hicho, Nambambo na Namitunda. Liwali aliamua kipewe kijiji chenye nyumba nyingi zaidi, akamwambia karani asome.

"Nambambo, nyumba sitini na mbili," alisoma Bwana Adinani. "Namitunda, nyumba ishirini na moja." Akasita, akakaribisha daftari machoni. "Majiko, hamsini na nane."

Jumbe mmoja mnene, mtani wa Mzee Shaibu, akasimama.

"Watani zangu wa Namitunda," alisema, "hivi nyinyi mnakula mara ngapi kwa siku?"

Watu waliangua kicheko. "Ndiyo maana wanataka maji," alidakia mwingine. "Wana masufuria mengi ya kuosha!"

Hata Liwali alicheka mpaka akafuta macho. Wanafunzi nao walicheka, na Tomasi, mvulana wa Nambambo aliyekaa nyuma ya Zena, akamgusa mgongoni. "Zena, leo kwenu mnapika nini?"

Zena hakuweza kucheka. Uso ulimwaka. Alimtazama Mzee Shaibu, akaona jasho likimtoka chini ya kofia, na mzee hakuinua macho. Akamkumbuka Mwanawetu akitoa mafiga peke yake. Alijua sasa kwamba haukuwa moshi, na kwamba alikuwa amejua tangu siku ile ile. Aliona aibu mpaka akatamani sakafu ipasuke immeze.

"Basi," alisema Liwali, "kisima kitachimbwa Nambambo. Namitunda wangoje mpaka wawe wengi. Karani, andika."

Wangoje mpaka wawe wengi! Na Hasani angengoja? Zena aliona kalamu ikichovywa katika wino, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuomba kusema, alinyoosha kidole juu kama darasani.

"Shusha mkono," alinong'ona Mwalimu Gaudens.

Zena hakushusha. Mkono ulibaki juu mpaka Liwali akauona.

"Mwalimu, mwanafunzi wako ana swali?"

Mwalimu alimtazama Zena usoni, akaona machozi. Akasema polepole, "Nadhani ana jambo, Bwana Liwali."

Zena alisimama. "Shikamoo, Bwana Liwali. Namitunda kuna nyumba nyingi. Mimi nilimtembeza Bwana Karani kwetu. Nilimwambia nyumba ya mama yangu mdogo ni jiko. Si jiko. Analala humo na mdogo wangu Hasani. Nikasema yeye ni jirani, amekuja kuomba moto. Nilimkana mama yangu." Akafunika uso kwa mikono.

Safari hii hakuna aliyecheka. Bwana Adinani alikunja uso, kwa sababu hakuna mtu mzima apendaye kusikia kwamba moshi ulimpumbaza. Mzee Shaibu akainuka taratibu, akavua kofia.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Kijiji kizima tulifanya hivyo. Mimi ni jumbe, nilijua, na nikanyamaza. Mnipe aibu mimi, huyu mwacheni."

Liwali alikaa akigonga meza kwa kidole. "Karani, majiko hayo yote yakilipiwa kama nyumba, tunapata nini?"

Bwana Adinani alipiga hesabu pembeni ya karatasi. "Saruji na ujira wa fundi kwa kisima cha pili, Bwana Liwali. Kama wenyewe watachimba."

"Mmesikia?" Liwali aliwageukia watu wote. "Hawa walidhani wanamwibia Liwali, kumbe walikuwa wanajiibia maji. Kesho kutwa karani atarudi Namitunda. Atakayesema kweli mwenyewe, atalipa kodi ya mwaka huu bila faini. Atakayewasha moshi tena, tutaonana mahakamani."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Habari mbaya haingoji miguu ya mtoto, kwa hiyo Zena alipofika nyumbani baba yake alikwisha jua. Alikuwa amekaa uani, fimbo magotini.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema. "Mtoto wangu mwenyewe! Nilikutuma unisaidie, nawe ukaenda kunianika barazani."

Zena alipiga magoti. Alijua fimbo inauma, akafumba macho.

"Baba Zena, subiri." Ilikuwa sauti ya Mwanawetu. Alikuwa ametoka mlangoni mwake, Hasani mikononi. "Siku ile nilisimama pale pale. Nilisikia kila neno. Kodi ni jambo lenu wanaume, sikulia kwa ajili ya kodi. Nililia kwa sababu mtoto ninayemlisha uji kila siku alifundishwa aseme hanijui. Sasa amenijua mbele ya Liwali. Unataka kumpigia hilo?"

Binti Saadi naye akatoka, akasimama karibu na mke mwenzake, akakunja mikono. Fimbo ya Mzee Halfani ilianguka yenyewe, wala hakuiokota.

"Nisamehe, mama mdogo," alisema Zena kwa kwikwi.

Mwanawetu alimpa Binti Saadi mtoto, akaingia ndani, akaita, "Zena, njoo unishikie upande wa pili."

Walikitoa kitanda cha kamba pamoja, wakakiweka mbele ya mlango, mahali ambapo kila mpita njia angekiona. Mwanawetu alikitandika mkeka vizuri, akaweka na mto. "Kitakaa hapa mchana mpaka karani aje," alisema. "Nataka kuona kama ataandika jiko." Kisha akamfuta Zena machozi kwa upindo wa kanga yake, akamwambia akale.

Jirani mmoja aliona, akauliza, akaelezwa, akaenda kukitoa cha kwake. Siku karani aliporudi, alivikuta vitanda mbele ya milango kijiji kizima, utadhani Namitunda yote inahama. Wanawake walisimama kando ya vitanda vyao, na wanaume walikuwa wanatazama miti. Bwana Adinani aliegesha baiskeli, akaanza kuandika upya. Kwa Mzee Halfani, Zena alimtembeza tena.

"Na hii?" aliuliza karani, huku akimtazama kwa jicho kali.

"Hii ni nyumba. Ni ya mama yangu mdogo, Mwanawetu."

Mzee Halfani aliuza mbuzi wake, naye hakuwa peke yake, maana mnadani wiki ile mbuzi wa Namitunda walikuwa wengi hata bei ikashuka. Watani wa vijiji jirani waliwacheka watu wa Namitunda mwaka mzima. Wanakijiji walipokelewa kwa maswali ya sufuria na miiko kila walikokwenda, nao walivumilia, kwa sababu utani una haki yake. Baada ya mvua kwisha, wanaume walishika majembe na sururu wakachimba, na fundi wa Baraza akajengea saruji. Maji yalipotoka mara ya kwanza yalikuwa na matope, siku ya pili yakatulia, na siku ya tatu Hasani aliogeshwa kwa ndoo nzima.

Jioni hiyo Zena na baba yake walikuwa wanarudi kutoka kisimani. Mzee Halfani alitua ndoo yake, ingawa hakuwa amechoka.

"Mwanangu," alisema, "kosa lile lilikuwa langu, nikakutwika wewe. Nilitaka kumwokoa mbuzi, nusura nimpoteze Hasani, na nikamfanya mke wangu mgeni katika ua wake. Kodi ni nzito, sikatai. Lakini asiyekubali kuhesabiwa asilalamike akisahauliwa. Siku nyingine nikikutuma uongo, ukatae, hata kama ni mimi baba yako."

Zena alifikiri kidogo. "Na ukinipiga je, baba?"

Mzee Halfani alitazama chini kwa aibu, kisha akainua ndoo yake.

"Nikikupiga, kimbilia kwa mama yako Mwanawetu," alisema. "Ana nyumba."