Njumu za Sura ya Zamani

Kila siku baada ya shule, Sindano alipitia kwanza kwenye kibanda cha babu yake kabla ya kwenda mazoezini. Babu yake alikuwa kinyozi. Kibandani mlikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, ambacho siku hizi hakizunguki mpaka kibembelezwe, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la wateja ambao nusu yao hawakuja kunyolewa bali kupiga soga. Juu ya kioo ilitundikwa picha ya babu akiwa kijana, mguu juu ya mpira, amevaa njumu nyeusi zenye ulimi mrefu uliokunjwa ukafunika kamba. Mteja aliyeuliza habari za picha ile alijitakia mwenyewe. Kichwa chake kilibaki kimenyolewa upande mmoja hadi hadithi iishe.

Jina la Sindano alipewa na wenzake uwanjani, kwa sababu alikuwa mwembamba na alijua kupenya katikati ya mabeki. Alikuwa winga wa kushoto katika timu ya wasichana ya shule yao, na timu ilikuwa imefika fainali. Tatizo lake lilikuwa viatu. Alichezea raba zilizolika chini, na uwanja ukilowa aliteleza hovyo.

Siku moja alimkuta babu amemwacha mteja kitini na povu kidevuni. Mikononi alishika boksi lililotoka kwa mjomba wake Sindano, ambaye alifanya kazi katika duka la vifaa vya michezo kwenye mji mwingine. Mjomba aliwahi kupiga simu kuuliza namba ya mguu, na babu akamsomea ile iliyoandikwa chini ya viatu vya shule vya Sindano.

"Njoo uone, mjukuu wangu! Njoo uone maajabu!"

Zilikuwa njumu nyeusi zenye mishono myeupe na ulimi mrefu uliokunjwa ukafunika kamba. Zilikuwa mpya, bado zina harufu ya dukani, lakini waliozitengeneza walikuwa wameziiga njumu za miaka ile. Babu aliziangalia, akaiangalia picha, akaziangalia tena.

"Hizi ni zangu," alisema kwa sauti ndogo. "Wamezirudisha."

"Mzee, na mimi je?" mteja aliuliza. "Povu linakauka."

"Tulia wewe, ndevu hazikimbii. Mama, vaa hizi. Mjomba wako amesema uzijaribu humu ndani kwanza. Zikibana turudishe, abadilishe. Zikishalowa, basi tena."

Sindano akavaa. Vidole vyake vikajikunja, na kidole gumba cha mguu wa kulia kikagonga mbele kikakosa pa kwenda. Viatu vyake vya shule vilikuwa vya ngozi, na vilikuwa vimetanuka pamoja naye tangu mwaka uliopita. Namba ilibaki ileile, mguu ukakua.

"Zinabana?" babu aliuliza.

Sindano aliinua uso. Tangu bibi afariki, hakuwahi kumwona babu akitabasamu namna ile, meno yaliyobaki yote nje.

"Hazibani, babu. Zimenikaa sawasawa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na waliojua walikuwa vidole vyake tu.

Alirudi kutoka mazoezini akichechemea. Babu aliona, lakini hakushtuka hata kidogo.

"Ngozi mpya ndivyo ilivyo, ina kiburi. Sisi tulijua dawa yake. Zinalowekwa kwenye maji, zinapakwa mafuta, halafu unazivaa hivyohivyo mpaka zikauke mguuni. Zikikauka, zimeshakujua."

Akaleta beseni mwenyewe. Sindano alisimama mlangoni akiangalia babu anavyokunja mikono ya shati na kupiga mluzi. Alitaka kusema, "Ngoja, babu, turudishe." Badala yake akamletea chupa ya mafuta. Njumu zikazama majini, na nafasi ya kuzibadilisha ikazama nazo.

Lakini kiburi hakikwisha. Zilipokauka zilikuwa ngumu vilevile. Babu akaziloweka tena, akaongeza mafuta, na kila jioni akauliza, "Leo je?" Kila jioni Sindano akajibu, "Leo afadhali." Kusema kweli siku ya kwanza kungekuwa rahisi. Sasa alitakiwa kusema kweli na pia kueleza uongo wote wa nyuma, na kila siku mzigo ulizidi kumwelemea.

Kucha ya kidole kile gumba ikawa ya bluu, kisha nyeusi, kisha ikaanza kutoa usaha. Rafiki yake aliyeitwa Akiba, kwa kuwa hakuwahi kuanza mechi hata moja, alikiona kidole hicho chini ya dawati.

"Makubwa! Hicho ni kidole au biringanya?"

"Nyamaza, mwalimu atasikia."

"Asikie. Mwambie babu yako. Najua utafikiri naitaka nafasi yako. Naitaka kweli! Lakini sio kwa kidole kama hicho."

"Nitamwambiaje? Anatabasamu kabla sijajibu," Sindano alisema, na machozi yakamtoka.

Aliyekata shauri alikuwa mama. Mama yake Sindano alikuwa dobi, na hakuna doa lililowahi kumdanganya. Fainali ilikuwa keshokutwa alipoitoa soksi kwenye kapu la nguo chafu, akaikunjua, akainusa.

"Hili sio tope. Leta mguu."

"Mama, nimejikwaa tu..."

"Nimesema leta mguu."

Walikwenda zahanati asubuhi yake. Muuguzi aliuangalia mguu uliovimba hadi kwenye kifundo, akatikisa kichwa. Kucha ilibidi itolewe.

"Kesho nina fainali," Sindano alisema.

"Kesho una bendeji. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza habari za kidole, sio kucha."

Babu alipopata habari alifunga kibanda mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Akampigia simu mjomba na kumfokea kwamba amewatumia ngozi mbovu.

"Baba, ile sio ngozi," sauti ya mjomba ilisikika chumba kizima. "Ni plastiki iliyotiwa mikunjo ionekane ngozi. Ndio mtindo wa sasa, kitu kipya kwa sura ya zamani. Hata ukiiloweka mwaka mzima haitanuki."

Babu aliweka simu mezani taratibu. Akamwangalia Sindano aliyelala kitandani, mguu juu ya mto.

"Nilikuuliza, mama."

"Ulifurahi sana, babu," Sindano alisema, akageukia ukutani.

Fainali ilichezwa bila yeye. Akiba alianza mechi, amevaa njumu zile alizoazimwa na Sindano. Zilimkaa vizuri kweli, na alikimbia nusu ya kwanza yote kana kwamba anadaiwa. Sindano alikaa kwenye benchi kando ya babu, mguu umefungwa bendeji nyeupe. Timu yao ikiwa imefungwa bao moja, mpira ulimfikia Akiba upande wa kushoto, yeye na kipa tu. Sindano aliruka kwa mguu mmoja. Alijua pa kuupeleka. Angeweza kuupeleka pale macho yamefumbwa. Akiba aliupiga juu.

Filimbi ya mwisho ikalia. Wenzake waliketi kwenye nyasi wakilia, na hakuna hata mmoja aliyemlaumu Sindano. Hilo lilimuuma kuliko lawama.

"Ni kosa langu," alisema.

"Letu," babu alisema. "Mimi niliangalia sura ya kiatu. Wewe ukaangalia uso wangu. Mguu haukuwa na wa kuuangalia." Akamgeukia. "Nisikilize, mjukuu wangu. Furaha yangu haina thamani kama wewe unailipia kwa mwili wako. Mtu anayekupenda ukimwambia unaumia, hatakasirika. Na hata akikasirika, mwambie. Kidonda ukikificha hakiponi, kinapata nafasi tu ya kukua."

"Na hizo njumu je?"

"Mwachie mwenzako. Mimi zangu ziko kule kwenye picha ukutani, zinanitosha."

Kisha alipiga magoti kwenye nyasi, mifupa ikilalamika, ili akaze bendeji iliyolegea. Vidole vyake vya kinyozi, vilivyozoea wembe, vilikwenda polepole.

"Hapa panauma?"

"Hapa—" Sindano alianza kama alivyozoea. Babu akasimamisha mikono, akasubiri. Safari hii hakutabasamu.

"Panauma, babu. Panauma sana."

"Haya," babu alisema, na akalegeza bendeji.