Ushuhuda Yenye Papa Alitaka

— Sema tu "Mungu aliniokoa," kisha ukae. Ni maneno mbili, Ésaïe.

— Maneno mbili ya uongo, Kanyere.

Tulikuwa tumesimama nyuma ya kanisa yetu hapa Butembo, Jumapili ya matangazo ya mwisho ya ndoa yetu. Ndani kwaya ilikuwa inaimba. Papa yangu, Pasteur Élysée, alikuwa amekata neno: hatatufungisha ndoa kama Ésaïe hatoi ushuhuda mbele ya batu bote. Adui, bale waasi ba porini, baliingia kijiji ya kwao Ésaïe, upande wa Oicha, na mu nyumba yote alipona yeye peke yake. Mama yake, dada yake Agar, batoto ba Agar, bote baliuawa.

Papa alikuwa anaita ile mambo muujiza, anaihubiri kila mara. Na muchumba wangu anakaa ku benchi, anasikia kifo ya mama yake inapigiwa makofi.

— Kama Mungu njo aliniokoa mimi, nani aliamua juu ya Agar?

— Hatuwezi kujua njia zake, nikamujibu.

— Bon. Kama hatujui, tunyamaze basi.

Ésaïe anafundisha historia ku shule ya secondaire. Nilimupenda vibaya ule mwanaume, lakini mudomo yake! Siku moja mama yangu alimuuliza kama haamini ata Noé.

— Mama, kila mutu anaimba safina. Benye balizama habana kwaya.

Siku ingine akatuambia juu ya babu yake, wakati ya wakoloni Babeleji:

— Alilima barabara yao na fimbo ku mugongo. Jumapili bakamufundisha kama fimbo ni ya duniani tu, mbinguni atapumuzika. Fimbo aliipata. Ile ingine tungali tunangoja habari.

Mama alicheka, kisha akaomba Yesu musamaha.

— Fanya tu juu yangu, nikamubembeleza pale nyuma ya kanisa. Kisha hautaingia tena humu, sitakulazimisha.

— Unajua kitu yenye unaniomba?

— Najua.

Sikujua kitu.

Papa akaita ku micro:

— Muchumba wa binti yetu apite mbele. Muone muujiza na macho yenu.

Makofi ikalia. Ésaïe akapita, akachukua micro, akangoja batu banyamaze.

— Asubuhi ile mama yangu alikuwa amefunga mizigo. Tulikuwa tunakimbilia Beni. Agar alikuwa amebeba mutoto ku mugongo. Mama akapigia simu mutumishi mumoja wa Mungu wa huku Butembo, atuombee juu ya safari. Hakukuwa anamujua, alikuwa na numéro yake tu, kama bamama bengi ba maombi. Akaweka haut-parleur, sote tukasikia. Ule mutumishi akasema: "Musitoke. Nimeona maono. Bwana amezungusha kijiji yenu ukuta ya moto." Mama akafungua mizigo. Mi nilibishana naye, nikakasirika, nikaenda peke yangu na miguu. Njo vile nilipona. Mungu hapana. Nilipona juu nilikataa kuamini.

Papa alinyoosha mukono achukue micro.

— Inatosha, kijana.

— Ile sauti nilikuja kuisikia tena, Papa. Siku Kanyere alinileta kwenu mara ya kwanza.

Nilingoja papa akane. Hakukana.

— Niliona kweli, akasema polepole. Bwana alinionyesha moto.

— Moto ilikuja, Papa.

Nilisimama. Ésaïe alikuwa amerudisha micro, anaenda ku mulango.

— Kanyere, kaa. Ukitoka na ule mupagani, usirudi kwangu.

Niliangalia mama. Alikuwa anaangalia chini. Nikatoka.

Inje nilimushika Ésaïe shati.

— Ulijua tangu siku ya kwanza. Na ukakaa ku meza yetu, ukakula?

— Nilikuwa nakupenda. Nilitaka kuibeba ile siri peke yangu, wewe ubaki na papa yako. Njo maana nilikuwa nakataa ushuhuda. Haikukuwa kiburi.

Nililia pale pale ku barabara, bamotari ku pikipiki zao banatuangalia. Mi njo nilimusukuma ku ile micro.

Tulifunga ndoa ku bureau ya serikali, ku état civil, siku ya kazi, bila kwaya. Ku viti ya bazazi bangu hakukuwa mutu. Wakati tulikuwa tunatoka, message ya mama ikaingia:

"Papa yako hahubiri tena. Anashinda tu mu cour ya nyumba. Anauliza mama ya Ésaïe alikuwa anaitwa nani."

Nilimupa Ésaïe simu. Alisoma. Kisha akaandika yeye mwenyewe:

"Alikuwa anaitwa Anne-Marie. Alikuwa anakuamini kabisa."