Nyeupe ama ya Kijani

Jua lilikuwa linazama Kwa Vonza na mimi nazungusha steringi ya gari la mtu, jasho likinitoka. Haikuwa mchezo. Nyumbani mke wangu Nzilani alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto hatoki, na mkunga alikuwa ameniambia waziwazi, "Hospitali Kitui, leo, ama utazika wawili."

Mzee Kivuva alikuwa na gari mbili kuukuu za Pijo za kuuza, moja nyeupe, moja ya kijani. Bei tulishakubaliana. Ilibaki kuchagua tu.

"Jaribu zote, Mutie," alisema.

Mke anakufa na mimi najaribu magari! Lakini barabara ile ya murram, isiyo na lami, na mchanga wa mtoni, ukikosea gari unalala njiani. Nikajaribu mbio mbio. Nyeupe ilikuwa na nguvu, mwinuko wa soko iliupanda na gia ya tatu. Lakini steringi legevu, unapinda leo inaitika kesho. Ya kijani ilikuwa nzito kuondoka. Lakini kona, lo! Pale kwenye kinu cha unga ilipinda kabla sijavuta vizuri. Mchangani haikuyumba hata kidogo.

"Naichukua hii."

Kivuva alishika mlango wa gari. "Hiyo ilikuwa ya ndugu yangu, marehemu Ndululu. Alifia hapo hapo kwenye kiti, ugoro mkononi. Wacha niitemee mate steringi, nimwambie sasa ni yako."

Kwetu mzee hubariki kwa mate, kila mtu anajua. Lakini mimi nilikuwa nimeokoka, shemasi mzima. "Shetani ashindwe! Hakuna mate hapa, mzee," nikasema, nikaondoka. Kiburi gani kile, jamani!

Nyumbani tulimlaza Nzilani kiti cha nyuma. Mkunga akachungulia ndani, akarudi nyuma.

"Nani ananusa ugoro humu?"

Hakupanda.

Giza likaingia tukiwa njiani. Kona ya kwanza, gari ilipinda kabla yangu. Ya pili pia. Ya tatu nikaondoa mikono, nijaribu tu...

Ikapinda.

Haikuwa steringi nzuri. Ilikuwa mikono ya mtu.

Kwenye njia panda, kushoto ni Kitui. Nilivuta kushoto kwa nguvu zangu zote. Ikaenda kulia, pole pole, mpaka kando ya boma tupu, mbele ya rundo la mawe. Kaburi. Injini ikazima. Tik... tik... chuma kikipoa.

"Baba Mutindi," Nzilani alininong'oneza, akiniita kwa jina la binti yetu. "Mwambie huyo aliyekupakata atuache twende."

Nilihisi mapaja chini yangu. Baridi.

Nilimwita Yesu mpaka sauti ikakauka. Ufunguo ulizunguka bure. Nzilani alikuwa amezimia. Nyuma kulikuwa na kitu kinadondoka sakafuni, na nilijua ni damu.

"Ndululu!" nikapiga kelele. "Chukua mtoto! Chukua, niachie mke wangu!"

Injini ikawaka.

Hospitali walimwokoa Nzilani. Na mtoto, wa kiume, alizaliwa mzima, analia kwa nguvu. Nilicheka huku nalia. Nikafikiri nimemdanganya marehemu.

Wiki mbili baadaye tulirudi kwa Kivuva, sote watatu. Nikapiga magoti mbele ya mzee. "Tema, tafadhali. Hata mara kumi."

Kivuva hakutema. Alishika steringi kwanza, akatuendesha sokoni, Nzilani na mtoto nyuma. Kwenye kinu gari iliyumba, nusura tuingie mtaroni.

"Sasa ni sawa na nyeupe tu," alisema, uso umembadilika. "Hayumo humu. Mutie, ulimwambia nini?"

"Turudi, mzee," nikasema. Ningeusemaje ukweli, na mama wa mtoto anasikia?

Tukageuza kurudi. Nilitazama nyuma. Mtoto alikuwa macho mapajani mwa mama yake, amenyoosha mikono yote miwili, ngumi zimekaza. Akaizungusha kushoto, taratibu.

Kona ya kushoto ilikuwa bado mbele.

"Ni tumbo linamsumbua," Nzilani alisema, akimbusu kichwani. Kisha akakunja pua. "Mzee, kumbe unanusa ugoro?"