Mafungu Tisa ya Vitunguu Saumu

Kila asubuhi Hilaria alikamua ng'ombe, kisha akaketi mlangoni kufunga vitunguu saumu vilivyotangulia kuvunwa. Kazi zote mbili zilikuwa za baba yake, Akonaay. Lakini baba alikuwa kitandani anakohoa, na kila siku aliyolala, Hilaria alitundika fungu moja chini ya paa.

"Mtu akiuliza, sema baba amekwenda Katesh," mama yake, Natalia, alimwonya.

Ulikuwa mwaka wa korona. Pale Bashay majirani huvuniana kwa zamu, na zamu yao ilikuwa imefika. Wakisikia kikohozi, nani angekuja?

Majirani wakaja, wakavuna, wakala makande, wakatania: "Akonaay huyo! Siku ya jembe ndiyo ana safari!" Chumbani, baba aliuma blanketi asikohoe.

Jioni midomo yake ilikuwa ya bluu. Wakamkimbiza kituo cha afya.

"Shikamoo, daktari," Hilaria alisalimia.

"Marahaba. Ameanza lini?" Daktari Kornelia aliuliza, akibana kipimo cha oksijeni kidoleni mwa mgonjwa.

"Juzi," Natalia alijibu haraka.

"Juzi tu, na hewa imeshuka hivi?"

Hilaria alimtazama baba. Mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Siyo juzi," alisema.

"Wewe mtoto!"

"Nimefunga mafungu tisa, daktari. Moja kila siku tangu alale."

Natalia akaanza kulia. "Ni kweli. Niliogopa vitunguu vitaoza shambani."

Daktari alikuwa tayari anafungua mtungi wa oksijeni. "Sikilizeni. Siku za mwanzo, askari wa mwili wanapigana na virusi. Ukiwatuliza mapema, virusi vinashinda. Lakini wiki ya pili, baadhi ya askari hao wanapagawa, wanashambulia mapafu yenyewe. Sasa nimejua pa kuanzia. Nitampa dawa ya kuwatuliza."

Siku tatu baba alilala amefumba macho. Hilaria alihesabu pumzi zake mpaka akapoteza hesabu. Natalia alirudi kijijini, akapita nyumba kwa nyumba akiwaeleza majirani ukweli. Wengine walimfungia mlango.

Siku ya nne baba alifumbua macho. "Vitunguu?"

"Vimevunwa vyote, baba."

Baba akamshika mkono. "Niliuma blanketi nikidhani nalinda shamba, kumbe najiua na kuwaponza majirani. Ugonjwa ukifichwa, mwanangu, daktari anatibu gizani. Wewe ulisema, ndiyo maana napumua."