Ngumi Inayochora Mguu

Huyu ni Urvi. Ana miaka sita. Nyumba yao iko Malindi, na mlango wake mkubwa unatazama bahari.

Nyumba ina vyumba tisa. Viwili ni vyao. Saba ni vya wageni, watu wanaokuja kupumzika na kuogelea.

Leo ni Diwali, sikukuu ya taa. Leo Lakshmi, mama wa neema, huzitembelea nyumba za watu.

Lakini haingii hivi hivi. Huonyeshwa njia. Watu humchorea nyayo ndogo nyeupe, kutoka mlangoni hadi mbele ya picha yake.

Ba ndiye aliyekuwa akizichora. Ba ni bibi yake Urvi. Mwaka jana alimfundisha.

"Kunja ngumi," alisema Ba. "Ichovye kwenye unga wa mchele uliolowa. Laza ubavu wake sakafuni."

Pu. Ukawa mguu.

"Sasa weka vidole kwa ncha ya kidole chako."

To, to, to, to, to. Vikawa vidole vitano.

"Anza ndani, kwenye picha," alisema Ba. "Tazama picha, na urudi nyuma nyuma mpaka nje. Mguu huelekea unakotazama wewe."

Kisha Ba akasema, "Mwakani ni zamu yako. Usimwache Lakshmi apotee."

"Sitamwacha," alisema Urvi.

Mvua za masika zikaja. Ba akaugua. Ba akafa.

Kiti chake bado kipo barazani. Hakuna anayekikalia.

Asubuhi ya Diwali, Urvi alimwendea Bapuji, babu yake.

"Jai Shri Krishna, Bapuji." Ndivyo wanavyoamkiana nyumbani kwao.

"Jai Shri Krishna, beta, mjukuu wangu."

"Naomba unga wa mchele. Nichore nyayo."

Bapuji akatikisa kichwa. "Mwaka huu hatuchori. Nyumba ina msiba."

"Lakshmi anajua tuna msiba?"

"Anajua."

"Basi atakuja kutupa pole," alisema Urvi. "Watu wote walikuja. Yeye naye atakuja. Atapita wapi?"

Bapuji akatazama bahari.

Urvi akakunja ngumi. "Nilimwahidi Ba. Nitachora. Zikifutika, nitachora tena."

Mama alikuwa jikoni. Alisikia yote. Akampa Urvi bakuli la unga uliolowa, kimya kimya.

Urvi akaanza ndani, mbele ya picha. Akarudi nyuma nyuma.

Pu. To, to, to, to, to.

Pu. To, to, to, to, to.

Mpaka barazani. Kisha akaenda kunawa mikono.

Huku nyuma akaja Katana. Katana ndiye anayesafisha nyumba. Ana ndoo, na ana tambara la deki.

Fyaa, fyaa. Fyaa, fyaa.

Urvi akarudi. Sakafu ilikuwa inang'aa. Hapakuwa na mguu hata mmoja.

"Anko Katana, umefuta miguu ya Lakshmi."

"Mimi?" alisema Katana. "Mimi nimeona unga chini, bosi. Nikasema panya wamefanya harusi."

"Si panya."

"Basi pole, bosi wangu. Sasa itakuwaje?"

Urvi akakunja ngumi. "Nitachora tena."

Pu. To, to, to, to, to.

Chwa, chwa, chwa. Nani huyo mwenye miguu ya maji?

Ni Cheruto, mtoto wa wageni. Ametoka Eldoret na wazazi wake. Hakuwa amewahi kuona bahari, na sasa amechota kidogo kwenye ndoo ili aende nayo kwao.

"Hiyo ni miguu ya bata," alisema Cheruto.

"Si ya bata. Bata hana vidole vitano."

"Ni ya nani basi?"

"Ya Lakshmi."

"Mbona ni midogo?"

"Hebu hesabu vidole kwanza, ndiyo useme."

Cheruto akainama ahesabu vidole. Ndoo nayo ikainama.

Mwaaa. Bahari yote ya Cheruto ikamwagika sakafuni. Miguu ikaelea, ikaenda zake.

"Bahari yangu," alisema Cheruto.

"Miguu yangu," alisema Urvi.

Wakatazamana.

"Mimi nitachota tena," alisema Cheruto.

Urvi akakunja ngumi. "Na mimi nitachora tena."

Pu. To, to, to, to, to.

Safari hii akatua kunguru. Akadonoa kidole gumba. Akaonja. Akadonoa na cha pili.

"Kwaa," alisema kunguru, maana yake ni tamu.

Urvi akamfukuza kwa ndara. Kunguru akaruka, lakini kwanza akapita juu ya nyayo zote. Sasa kweli zilikuwa miguu ya ndege.

Jua lilikuwa linashuka. Unga ulikuwa umebaki chini kabisa ya bakuli.

Urvi akaketi akafikiri. Katana hutokea nje. Cheruto hutokea nje. Kunguru hutokea nje.

"Sasa nitailinda miguu," alisema. "Nitachora huku nawatazama."

Akazifuta za kunguru. Akaanza mlangoni, uso wake ukiielekea bahari. Akarudi nyuma nyuma, kuingia ndani. Macho yake hayakutoka nje.

Pu. To, to, to, to, to.

Hakupita Katana. Hakupita Cheruto. Kunguru alipita juu, akaona ndara, akaenda zake.

Urvi akafika kwenye picha. Akapangusa bakuli kwa kidole, akaweka kidole cha mwisho. To.

"Nimemaliza, Ba," alisema polepole.

Bapuji akaja kutoka barazani. Alifika mlangoni akasimama.

"Urvi. Nani amechora hizi?"

"Mimi. Na sizifuti, Bapuji."

"Tazama vidole, beta. Vinaelekea wapi?"

Urvi akatazama.

Vidole vyote vilielekea baharini. Kila mguu ulikuwa unakwenda nje. Lakshmi alikuwa anatoka nyumbani kwao.

Bakuli lilikuwa tupu. Urvi akakunjua ngumi yake. Hakuweza kusema kwamba atachora tena.

Bapuji akatazama kiti cha Ba. Akatazama nyayo zinazotoka.

"Mwaka huu ametoka mtu mmoja katika mlango huu," alisema. "Inatosha. Asitoke mwingine."

Akaita, "Katana, lete deki. Ufute hizi."

Katana akachungulia na tambara lake. "Nifute? Asubuhi nimefuta, nikasemwa."

"Futa," alisema Bapuji.

"Futa," alisema Urvi.

Fyaa, fyaa.

Mama akatoka jikoni. Alikuwa ameshika mkebe wa Ba wa unga wa mchele. Ulikuwa umejaa pomoni.

"Niliuweka," alisema Mama. "Nilijua bakuli moja halitamtosha huyu."

Mama akalowesha unga bakulini, na Bapuji akapiga magoti mbele ya picha. Magoti yakalia. Kwa, kwa.

Akakunja ngumi yake kubwa yenye mikunjo. "Miaka arobaini nilimtazama Ba akichora," alisema. "Sijajaribu hata siku moja."

PU. TO, TO, TO, TO, TO.

Urvi akautazama ule mguu. "Bapuji, huo ni wa Lakshmi au wa Anko Katana?"

Bapuji akacheka. Tangu masika hakuwa amecheka.

Wakarudi nyuma nyuma, bega kwa bega. Mguu wa kulia ulikuwa wa Bapuji. Mguu wa kushoto ulikuwa wa Urvi.

PU. Pu. Mkubwa, mdogo. Mkubwa, mdogo.

"Lakshmi atachechemea," alisema Katana.

"Atafika tu," alisema Bapuji.

Cheruto akarudi na ndoo yake. Safari hii aliiacha nje kabisa. Akasimama mlangoni na ndara mkononi, akimngoja kunguru.

Jua likazama. Mama akaleta diya, vile vitaa vidogo vya udongo, na mafuta, na tambi za pamba.

Wakaviwasha kimoja kimoja. Kimoja kando ya kila mguu. Na kimoja kando ya kiti cha Ba.

Bapuji akafumba macho akasali. Urvi akafumba macho akasali. Upepo wa bahari ukapita kati yao, na taa hazikuzimika.

Kisha ukafika wakati wa kulala. Bapuji akamfunika Urvi shuka.

"Bapuji, ameingia?"

"Taa zinawaka. Njia ipo. Ataingia."

"Na kesho Anko Katana akipiga deki?"

Bapuji akakunja ngumi yake. Bado ilikuwa nyeupe kwa unga.

"Tutachora tena," alisema.

Urvi alikuwa ameshalala, na ngumi yake ndogo ilikuwa juu ya mto, imekunjwa.