Mwacheni Chausiku Asimame

Enzi za Mwingereza, Mfaume alikuwa seremala. Alikaa Temeke na mkewe, Chausiku. Mtoto wao mmoja tu, Jamali, alikuwa ameoa na kuhamia Tanga. Kila asubuhi Mfaume alipanda baiskeli kwenda karakana ya mbao. Chausiku alibaki barazani akipika vitumbua na kuwauzia watu waliokwenda kazini.

Asubuhi moja upawa ulimponyoka. Alitaka kuuokota, lakini mkono wa kulia haukutii. Mdomo ulikwenda upande. Alimwita mumewe, maneno yakatoka mazito, hayaeleweki. Kisha akaanguka.

Majirani walijaa. Mmoja alisema ni pepo, itafutwe ubani. Mfaume hakungoja. Aliazima mkokoteni, akamlaza mkewe juu yake, akampeleka hospitali.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Mshipa wa damu umeziba kichwani."

Chausiku alilazwa kwa majuma kadhaa. Maneno yalirudi, lakini mkono na mguu wa kulia vilibaki vizito. Siku ya kutoka, Mfaume alielezwa mambo mengi. Kwa wasiwasi aliokuwa nao, alishika neno moja tu: apumzike.

Basi akampumzisha. Aliacha kwenda karakana, akawa anatengeneza viti uani kwake. Alimwogesha mkewe. Alimvika nguo. Alimlisha. Alimbeba kwenda chooni na kumrudisha.

"Chausiku, wewe umepata mume," majirani walisema.

Chausiku alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Miezi ikapita. Mkono wa kulia ulianza kujikunja kifuani. Vidole vikajifumba. Bega liliuma kila Mfaume alipomvuta mkono ili amwinue. Kisha Chausiku akaanza kukataa maji. Chai hakunywa, uji alionja tu.

Katika chumba kingine cha nyumba yao alihamia mpangaji mpya, Kokushubila, binti wa Bukoba. Alikuwa nesi. Mchana mmoja alipita barazani, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kikombe hiki cha maji nimekiona hapa tangu asubuhi. Mbona hunywi, na jua lote hili?"

Chausiku alitazama kama mumewe yuko mbali.

"Nikinywa, nitataka kwenda chooni. Nikitaka kwenda chooni, atanibeba. Watu wote uani wanatazama. Mie mtu mzima, nabebwa kama gunia la mkaa. Bora nikae na kiu."

Kokushubila alikaa chini kando yake.

"Mama, unaniruhusu nizungumze na baba?"

Chausiku alifikiri, kisha akaitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo Kokushubila alimkuta Mfaume akipiga randa ubao.

"Baba, mguu wa mama haujafa," alisema. "Ugonjwa uko kichwani. Sehemu inayoutuma mguu imeumia. Sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi ile, lakini hujifunza kwa kutenda. Mama akifanyiwa kila kitu, zitajifunza lini?"

Mfaume aliweka randa chini.

"Kwa hiyo mie ndiye ninayemlemaza mke wangu?"

"Sikusema hivyo. Umemtunza vizuri. Hana hata kidonda kimoja mgongoni. Lakini msaada anaoutaka sasa si ule wa mwanzo. Na kiu ile itamdhuru."

"Kiu gani?"

Kokushubila alimweleza.

"Nimtazame tu akihangaika?" Mfaume aliuliza.

"Uwe karibu naye, umtazame, na mikono yako iwe tayari. Ni kazi ngumu kuliko kubeba, baba. Lakini kwanza turudi hospitali, wampime, watuonyeshe vizuri."

Walirudi. Chausiku alipimwa msukumo wa damu. Aliambiwa apunguze chumvi, na asiache kurudi kupimwa. Mtaalamu wa mazoezi alimwonyesha Mfaume namna ya kuunyoosha mkono polepole, kidole kwa kidole, bila kuulazimisha.

"Usimvute kwa mkono huu mgonjwa," alisema. "Bega litateguka. Akivaa, mkono mgonjwa uingie kwanza kwenye nguo. Akivua, utoke mwisho. Kila anachoweza kufanya, afanye mwenyewe, hata akichelewa."

Nyumbani, Chausiku alianza kwa kukaa kitini, nyayo zote mbili zikiwa chini. Aliinama mbele, akainuka kidogo, akakaa. Akapumzika, akarudia tena. Mfaume alichimbia vigingi uani, akapigilia fito mbili ndefu, moja kila upande, zifike kiunoni mwa mkewe. Chausiku alisimama katikati akizishika.

Kula kulikuwa na shida yake.

"Mkono wa kushoto sili nao," Chausiku alisema.

"Basi tuufundishe wa kulia," alisema Kokushubila.

Mfaume alichonga mpini mnene, akauvika kwenye kijiko. Vidole vya Chausiku viliweza kuushika. Mkono wa kushoto uliushika wa kulia na kuuongoza mdomoni. Wali mwingi ulimwagika kwenye kanga. Mfaume alitaka kukichukua kile kijiko. Aliirudisha mikono yake, akaikalia.

Mwezi wa pili wa mazoezi Chausiku alianguka. Alikuwa akitembea kati ya fito, ncha ya mguu ikakwaruza chini, akapiga magoti. Mfaume aliruka kutoka alipokuwa, akamwinua, akamketisha barazani.

"Basi!" alisema. "Imetosha. Fito nitazing'oa leo. Nikikuzika nitamwambia nini Jamali?"

"Baba Jamali," mkewe alisema.

"Sitaki kusikia."

"Utasikia. Mie ndiye niliyeanguka, si wewe. Na wewe ndiye unayeogopa, si mie. Ukizing'oa fito hizi, utakuwa umenizika kabla sijafa."

Mfaume alikwenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na jembe. Chausiku alilitazama jembe lile, akauma mdomo. Lakini Mfaume hakugusa vigingi. Alianza kusawazisha ardhi kati ya fito, akitoa mawe na kufukia mashimo.

Kokushubila alipopata habari, alimkagua Chausiku mguu na nyonga, akaona hajaumia. Aliwafundisha namna ya kuinuka kutoka chini kwa kushika kiti. Mfaume akachonga mkongojo.

"Ushike kwa mkono mzima, wa kushoto," Kokushubila alieleza. "Mkongojo kwanza, halafu mguu mgonjwa, halafu mguu mzima. Usikimbizane na mtu."

Mfaume alipigilia mti wa kushikia hadi mlangoni mwa choo. Siku Chausiku alipokwenda na kurudi peke yake, hakuna aliyepiga vigelegele. Mwenyewe aliwakataza. Alikaa barazani, akaomba maji, akanywa kikombe chote, akaomba kingine.

Mguu haukurudi kama zamani. Aliuburuta kidogo, na alichoka upesi. Mkono uliweza kushika, lakini si kusuka ukili wa mkeka. Mfaume alirudi karakana.

Jioni moja alifika nyumbani akakuta baraza tupu. Mkongojo haupo. Aliita, hakujibiwa. Alitupa baiskeli, akakimbia njiani akiuliza kila mtu. Nyumba ya tano kutoka kwao alisikia sauti ya mkewe ikizidi za wengine wote. Jirani yao Somoe alikuwa amejifungua. Chausiku alikaa kitini kati ya wanawake, mtoto mchanga amelala juu ya mapaja yake.

"Umefikaje huku?" Mfaume aliuliza, akihema.

"Kwa miguu. Kwani kuna njia nyingine?"

Wanawake walicheka. Chausiku alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaaga, akainama mbele, akasimama. Mfaume alinyoosha mikono kumshika.

"Tangulia," mkewe alimwambia. "Nakuja."

Mfaume alishusha mikono. Akatangulia, polepole, akiusikiliza mkongojo nyuma yake.